Kiingereza cha Kumwambia Daktari

Mimi si mtu wa kuchunguza mambo ya watu, ingawa mwanangu Aun atakwambia vingine. Lakini mwanamke akikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena na kuikunjua, huku mashine yake imeshamaliza kuzunguka na watu wanaisubiri, utaacha kuuliza kulikoni? Nikauliza. Tulikuwa kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo letu la Crescent Town, hapa Toronto, mahali pasipo na dirisha hata moja.

"Mama Josué, una nini?"

"Hakuna kitu, Mama Aun. Niko muzuri tu."

Jina lake hasa ni Pulchérie, lakini sijawahi kumwita hivyo, kama yeye asivyowahi kuniita Narjis. Yeye ni Mkongo wa Uvira, mlokole, mama wa watoto wawili. Mimi ni Khoja wa Tanga, mjane, mtu wa ushungi na msikiti wa Alhamisi jioni. Kwetu huko tusingejuana abadani. Hapa tulijuana kwenye lifti, siku niliyomsikia akimgombeza mwanawe kwa Kiswahili na mtoto akimjibu kwa Kiingereza, nikashindwa kujizuia kucheka. Kiswahili chake nacho kilinichekesha, nifiche nini, maana wao watu ni "batu". Naye changu akakiona cha vitabuni na cha kujidai. Basi tukapatana.

Siku hiyo kwenye chumba cha kufulia niliuona mkono wake wa kulia ukipanda wenyewe hadi kwenye ziwa la kushoto, karibu na kwapa, kisha ukashuka upesi. Baada ya muda ukapanda tena. Mama yangu mdogo aliondoka duniani kwa ugonjwa uliomwanzia mahali hapohapo, na yeye pia alikuwa na tabia hiyo ya mkono. Nilipouona nikaketi juu ya kapu la nguo.

"Kuna kitu hapo?" nikamwuliza, nikionyesha kwangu mwenyewe.

Akatazama mlango. Akatikisa kichwa kukubali.

"Kikubwa?"

"Ilikuwa kama harage. Sasa..."

"Na daktari anasemaje?"

"Sikumwambia."

Nilihamaki, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Aliyasikiliza yote kwa adabu, kisha akanieleza. Alikuwa amekwenda kliniki mwezi wa Septemba, peke yake, kwa ajili ya jambo hilohilo. Daktari, mama mpole tu, alipoona Kiingereza kinamkwama, akaweka simu juu ya meza, akaifungua sauti na kuita huduma ya wakalimani. Mkalimani akaingia, akasalimia kwa Kiswahili. Pulchérie akaganda kwenye kiti. Ile ilikuwa sauti ya Mama Nathanaël.

Mama Nathanaël huyo anasali kanisa moja naye, lile linalokodi ukumbi Scarborough kila Jumapili alasiri. Ndiye anayesimama na kipaza sauti na kutaja wanaohitaji kuombewa: fulani hajapata kazi, fulani ana kesi ya uhamiaji, fulani ni mgonjwa. Sauti yake kila mtu anaijua.

"Daktari akauliza nini inanisumbua," Pulchérie akasema. "Mi nikajibu kichwa. Kichwa kinaniuma. Akanipa dawa ya kichwa, nikatoka."

Sasa tuelewane. Watu wa kazi hiyo huapa kutunza siri, na sina sababu hata ndogo ya kudhani kwamba Mama Nathanaël angeitoa. Lakini hofu haisomi viapo. Toronto ni jiji kubwa, ila Toronto ya wanaosema Kiswahili ni mtaa mmoja mdogo wenye simu nyingi. Mwaka uliotangulia mama mmoja wa kanisa lao, Mama Ismaël, aliomba aombewe figo. Aliombewa kwelikweli, watu wakalia. Ibada haijaisha, ndugu zake wa Bujumbura wanapiga simu kuuliza kama yu hai. Wiki nzima akaletewa vyakula, na waliovileta walimtazama kama marehemu aliyeketi.

"Mzee wangu naye yuko Bujumbura," Pulchérie akaniambia. Mumewe, Elysée, bado anasubiri ruhusa ya kuja kuungana nao. "Atasikia kwa WhatsApp mbele mi sijamwambia. Na batoto batasikia kanisani. Juu ya nini basikie kwa batu bengine?"

Nikamwuliza kuhusu Josué, maana Josué ndiye mkalimani wa nyumba. Benki ni yeye, fundi bomba ni yeye, mwalimu wa mdogo wake Inès ni yeye. Nikajijibu mwenyewe: mama gani atamkalisha mwanawe wa kiume mbele ya daktari amtafsirie habari za ziwa lake?

"Basi tunakwenda wote," nikasema, "na nitasema mimi. Kiingereza changu kina Tanga ndani yake, lakini kinafika."

Akakataa. Nilidhani ni haya tu, nikashikilia, naye akakataa tena, na safari hii akanipa sababu ambayo nimeifikiria mara nyingi tangu siku hiyo. "Ile neno ya hapa," akagusa kifua, "kwa Kiswahili iko na mama yangu ndani, iko na bibi yangu. Nikiisema nitalia, na nikilia sitaendelea. Kwa Kiingereza ni neno tu, Mama Aun. Naweza kuisema kama nasema meza. Unifundishe."

Hivyo ndivyo nilivyogeuka mwalimu, mimi nisiye na subira hata ya kungoja chai ipoe.

Darasani alishakwenda. Alipofika nchi hii alisoma lile darasa la wageni, akajifunza kutaja matunda, siku za juma na hali ya hewa, na kuuliza treni inapita wapi. Kisha akapata kazi kiwanda cha kufungasha saladi. Humo mashine zinanguruma kutwa, kila mtu kavaa vizibo masikioni, na msimamizi anaonyesha kwa kidole. Kiingereza chake kikabaki palepale kilipoachwa na mwalimu.

Maneno hayakumsumbua. Nilimpa uvimbe, "lump". Nikampa ziwa, kwapa, tangu lini, umekua. Akayashika mara moja, hata matamshi yake hayakuwa mabaya. Nikafurahi, nikajiona fundi. Nikamwambia tuigize: mimi daktari, yeye mgonjwa, tukiwa tumeketi kati ya mashine mbili zinazokausha nguo. Nikamwuliza hali yake, kwa Kiingereza cha kidaktari.

"Fine, thank you, doctor," akajibu, kwa tabasamu. "And you?"

"Mimi mzima. Nikusaidie nini?"

"Familia yako iko fine?"

Nilidhani ananitania. Tukaanza upya, akajibu vilevile. Tukaanza tena. Kila mara alikuwa fine, nami fine, watoto wangu fine, kazi yangu fine, na uvimbe haukutokea mpaka mashine zikanyamaza.

Hapo ndipo nilipoiona hatari yenyewe, nikaogopa kuliko mwanzo. Kosa halikuwa lake peke yake. Sote tumelelewa hivyo. Habari ikiulizwa ni nzuri, basi. Mtu atakuja kukwambia nyumba imeteketea, na ataanza na nzuri: nzuri tu, za kwenu, watoto hawajambo, tunamshukuru Mungu, ila... Lolote zito tunaliweka nyuma ya hiyo "ila", na anayesikiliza anajua kuingoja. Daktari wa hapa haingoji. Akisikia fine anaandika fine, anageukia kompyuta yake, na nyuma yako kuna wagonjwa chumba kizima.

"Anza na ubaya," nikamwambia. "Akikuuliza hali, sema not fine. Hapohapo. Kabla ya watoto wake, kabla ya kazi yake."

"Nitaanza je na mabaya mbele ya mutu sijamusalimia hata? Atasema sikulelewa."

"Na aseme!"

"Mama Aun, mi siwezi."

"Utaweza. Utajizoeza kwa watu usiowajua."

Mji huu una jambo moja linalofaa kwa mazoezi hayo: kila anayekuuzia kitu anakuuliza hali yako. Hataki jibu, lakini anauliza. Nikampeleka duka la kahawa karibu na kituo cha Victoria Park, nikasimama mlangoni. Siku ya kwanza msichana wa kaunta alimwuliza, Pulchérie akasema fine, akarudi na kikombe cha chai asichokitaka. Siku ya pili akasimama kaunta, akashika ukingo wake kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya mtu anayekiri mahakamani: "Not fine."

Maskini yule msichana. Alibaki na kikombe hewani, akasema pole, kisha hakujua la kufanya, na Pulchérie naye hakujua. Walitazamana hivyo mpaka Pulchérie akageuka na kutoka mbio, chai kaiacha. Nilicheka hadi ushungi ukanidondoka mabegani.

Yeye hakucheka.

"Unacheka, Mama Aun," akasema. "Mi silali. Nalala upande moja tu, naogopa kugeuka nisikiguse. Asubuhi nakitafuta, nasema labda leo hakiko. Kiko."

Tulirudi nyumbani, na tangu siku hiyo nami nikaanza kulala vibaya.

Hata hivyo aliendelea. Siku moja alikuja mlangoni kwangu bado kavaa buti za theluji, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo sikuwa nimeiona kwa wiki nyingi. Alikuwa amepanda basi kutoka kazini, dereva akamwuliza hali, naye akasema not fine. Dereva, mzee mmoja wa masharubu, akamjibu kwamba naye vilevile. Goti. Pulchérie akakaa kiti cha mbele kabisa, na njia nzima yule mzee akamsimulia habari za goti lake, za ngazi za nyumbani kwake, na za sindano aliyochomwa isisaidie kitu.

"Nikamwuliza tangu lini," Pulchérie akaniambia. "Ile neno yako. Na akanijibu! Nikaelewa karibu yote, Mama Aun."

Tulikunywa chai ya tangawizi kwa furaha ya goti la mtu tusiyemjua. Nikafanya haraka, labda haraka mno. Nikasema hatua inayofuata ni kulisema jambo lenyewe, na akaliseme kwa mtu wa dawa, kwa kuwa huyo anatakiwa kuficha siri na tena anaweza kumshauri.

Tukaenda duka la dawa kwenye barabara ya Danforth. Nilijibanza kwenye rafu ya shampuu, nikijifanya nasoma chupa. Nilimwona akifika kaunta, nikaona mdomo ukicheza, lakini kijana wa dawa akainamisha sikio na kumwomba arudie, maana kulikuwa na muziki. Akarudia kwa sauti. Mimi nikiwa kule kwenye shampuu nilimsikia vizuri, kila neno: si mzima, ana uvimbe kwenye ziwa, umekua.

Na nyuma yake mtu akasema, "Bwana asifiwe, Mama Josué."

Alikuwa Mama Ismaël, yule wa figo, chupa ya dawa ya kikohozi mkononi.

"Amina," Pulchérie akasema. "Nzuri tu. Batoto bazima?" Kisha akatoka. Kijana wa dawa akabaki anamwita kwa Kiingereza, arudi, tafadhali arudi. Mimi nikamfuata, nikamkuta kwenye kituo cha basi, theluji inamwangukia, mikono mitupu bila glavu, anarudia neno moja: "Amesikia. Amesikia. Amesikia."

Nilijaribu kumtuliza. Nilimwambia huenda Mama Ismaël hakusikia, na kama alisikia huenda Kiingereza chenyewe hana. Mlangoni kwake akasema, "Basi, imeisha," akafunga, na siku zilizofuata hakuonekana kwenye chumba cha kufulia wala kwenye lifti. Nilipogonga, Inès alinifungulia na kuniambia kwa Kiingereza kwamba mama amelala. Ilikuwa alasiri. Nilirudi kwangu, nikamwomba Mungu kwa majina yote ninayoyajua, na kusema kweli niliomba huku nimekasirika.

Jumapili jioni akaja mwenyewe. Alikuwa bado na nguo za kanisani, akakaa kwenye kochi langu na koti lake.

"Walitaja majina," akasema.

"Na lako?"

"Hapana. Mama Nathanaël alisimama na mikro, akasoma, mi nashika kiti kwa nguvu. Hakunitaja. Halafu Mama Ismaël akanikumbatia, akasema tu tuonane juma lijalo." Mpaka leo hatujui kama yule mama alisikia akanyamaza, au hakusikia kabisa. "Nikapumua, Mama Aun. Nikaimba hata. Nikasema ndani ya roho, Asante Yesu, niko muzima. Halafu nikakumbuka."

Akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Nilikuwa naogopa batu, kumbe. Nimeogopa batu sana mpaka nikasahau ugonjwa. Leo batu haiko, na kile kitu kiko palepale, kinanisubiri. Sasa ndio naogopa ya kweli."

Kesho yake asubuhi alipiga simu kliniki kutoka mezani kwangu. Karani akamwuliza hali. "Not fine," Pulchérie akasema, na akaendelea moja kwa moja bila kuvuta pumzi, jina lake, uvimbe, ziwa, umekua. Akapewa nafasi wiki hiyohiyo. Karani akauliza kama atahitaji mkalimani. "No," akasema. "I speak." Kisha akakata simu, akaniomba kalamu aandike siku na saa.

Nilikwenda naye kwa sharti moja, nisifungue mdomo. Wanaonijua wataelewa uzito wa sharti hilo. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani, na daktari akaingia, akamtazama, akatabasamu, akamwuliza hali yake.

"Fine, thank you," Pulchérie akasema. "And you?"

Daktari akageukia kompyuta, akaanza kuuliza kuhusu kichwa, kama dawa zilisaidia. Nilijifinya paja chini ya mkoba. Nikafikiri: mtu huyu atakufa kwa adabu, na mimi nimekaa hapa naangalia. Nilikuwa tayari kuvunja ahadi, nimeshavuta pumzi.

"Hapana, daktari," akasema Pulchérie. Hapa nayaandika kwa Kiswahili, lakini yote aliyasema kwa Kiingereza, sentensi fupifupi, kila moja akiikanyaga kwanza kuona kama itambeba. "Samahani. Mimi si fine. Kichwa haikuwa kweli. Nina uvimbe kwenye ziwa. Tangu Septemba, hata kabla ya Septemba. Umekua. Ninaogopa."

Neno hilo la mwisho sikumfundisha mimi. Sijui alilipata wapi, labda kwa yule dereva.

Daktari akaondoa mikono kwenye kompyuta. Akamsogelea, akamwuliza polepole, naye akajibu. Alipovuta pazia kumpima nilibaki natazama sakafu, na nyuma ya pazia niliisikia sauti ya rafiki yangu ikisema hapa, ndiyo, na hapa pia, chini ya mkono. Aliposema hapa pia, nikamkumbuka mama yangu mdogo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio hata yakatutisha kwa mbio zake. Tulipelekwa hospitali kupigwa picha, kisha picha nyingine, kisha sindano ya kuchota nyama kidogo. Kila mahali walimwuliza maswali na kila mahali alijibu mwenyewe, na asipoelewa alisema sielewi, sema tena. Wauguzi walisema tena. Kwa nini hatukufundishwa sote kwamba inaruhusiwa? Tulipokuwa tukisubiri aliniuliza maneno: tezi, kusambaa, hatua. Nilimpa, huku natamani nisiyajue.

Siku ya majibu daktari aliingia na kuvuta kiti chake karibu na cha Pulchérie, magoti karibu yagusane. Nilipoona kiti kinavutwa, nilijua. Akazungumza kwa upole, kwa maneno mepesi ya kumfaa mgeni, na mimi nilielewa kwenye sentensi ya kwanza.

Nitasema nilichotamani wakati ule. Nilitamani Kiingereza cha Pulchérie kiwe kile cha matunda na hali ya hewa. Nilitamani habari ile ifike kwangu na ikomee kwangu, niikate vipande vidogovidogo kabla ya kumlisha. Sentensi nilikuwa nayo tayari, kwa Kiswahili laini kabisa: wamekuta kitu kidogo, si kizuri sana, watakitoa, utapona, Inshallah. Nikamgeukia na kufungua mdomo.

Akaninyanyulia kiganja.

"Hapana, Mama Aun. Usinigeuzie. Nimesikia."

Alikuwa amesikia. Nililiona kila neno likimfika usoni, moja baada ya jingine, kwa mpangilio uleule ambao daktari aliyasema. Hapakuwa na simu juu ya meza, hapakuwa na mtu wa kati wa kumpa hata nukta ya kujikaza. Nilimwogopea kuliko nilivyowahi kumwogopea mtu, na nilijua ni mimi niliyemfikisha hapo, na kwamba ndicho alichokitaka.

Akamgeukia daktari. "Ni kansa," akasema kwa Kiingereza.

"Ndiyo."

"Imekuja na hapa." Akashika chini ya kwapa.

"Ndiyo, kwenye tezi. Kuna tiba, na tutaanza mapema."

Akafikiri kidogo. Aliipanga sentensi, niliona midomo yake ikiijaribu kimyakimya, ndefu kuliko zote alizowahi kusema. "Kama ningekwambia Septemba," akauliza, "hapa ingekuwa bado haijafika?"

Daktari alitazama mikono yake. Mtu mwingine angesema swali hilo halina jibu, au angemwambia asijilaumu. Mimi, kama ningekuwa mkalimani, lisingefika kwake kabisa. Lakini Pulchérie aliuliza kwa Kiingereza kilichonyooka, akimtazama machoni, na akajibiwa hivyohivyo.

"Maybe," daktari akasema. Huenda.

Pulchérie akaitikia kwa kichwa. Hakulia. Nililia mimi, na yeye akamwuliza daktari wataanza siku gani.